Siku Mtaiwani Alipoulizwa Habari za Kwao

Vijana mliobaki na hedifoni masikioni, shikamoo zenu nimezipokea, na ile kanga mliyonivika siku ya kuniaga naivaa kila Jumapili nikienda kanisani. Mliniomba niandike kuhusu kazi yetu ya ukalimani kabla sijasahau. Sijazeeka kiasi hicho, lakini haya. Vyeo sitavitaja, kwa sababu mkalimani hana cheo. Ana kiti, na mara nyingi kiti chenyewe huchukuliwa na mheshimiwa aliyechelewa. Mishahara mnaijua wenyewe.

Nilizaliwa kwenye kambi ya mkonge upande wa Muheza. Baba alishuka kutoka milimani Usambara kuja kukata mkonge, Mlutheri, mwimbaji wa sauti ya nne, na pale kambini kila mlango ulikuwa na lugha yake. Kwetu Kishambaa, mkono wa kulia Kibondei, nyuma ya choo Kimakonde. Mama alikuwa akinituma chumvi, nami naomba kwa lugha ya mwenye mlango, maana nilishagundua kwamba ukimwomba mtu kwa lugha ya mama yake anakujazia kikombe. Kiingereza kilinikuta shuleni, kikakaa.

Kazi hii sikuitafuta. Nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja mjini Tanga, na siku moja wakaja wageni wa mradi wa maji huku mkalimani wao anaumwa. Bosi akanitazama, akasema, "Esta, wewe si unajua Kiingereza?" Basi. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, na sikuwahi kufanyiwa usaili mwingine maishani.

Aliyenifundisha ni marehemu Mwalimu Mbaraka wa Ngamiani. Mtu wa kanzu safi na baiskeli kuukuu, Kiarabu alikisoma chuo cha Kurani tangu mdogo, Kiingereza alijifundisha kwa kusikiliza redio. Zana zake zilikuwa chupa ya chai ya tangawizi bila sukari na penseli mbili. Kalamu ya wino hakuitaka. Alisema kalamu ya wino husubiri mgeni rasmi aanze kutaja takwimu, ndipo igome. Mimi nimemwiga mpaka leo, na penseli zangu nimemwachia mwenzenu Neema, mkamuulize.

Mwalimu alinifundisha mambo mawili tu, mengine nikayaokota njiani. La kwanza, msemaji akisema "mimi", nawe sema "mimi". Usiseme "anasema kwamba yeye". Ukianza hivyo umeshajitia katikati, na hakuna aliyekualika. La pili, salamu usizikate.

Hili la pili nililielewa kwa aibu, siku yangu ya kwanza kabisa. Tulikwenda kijiji kimoja upande wa Pangani. Wafadhili walikuwa wamechimba kisima mwaka uliotangulia, wamekuja kuona matunda. Tukawekewa viti, mzee mmoja akasimama kusema kwa niaba ya kijiji. Mgeni mkuu akauliza habari za kisima. Mzee akajibu, "Nzuri."

Nikatafsiri, nzuri. Mgeni akatabasamu, akafunga daftari lake, akainuka kwenda kupiga picha, na wenzake wote wakainuka naye. Mzee wa watu akabaki mdomo wazi, kidole hewani.

Mwalimu Mbaraka, aliyekuwa amekaa pembeni kunisikiliza, akanyanyua kiganja. "Kaeni," akawaambia kwa Kiingereza chake cha redio. "Mzee hajasema bado. Amejibu salamu tu."

Wakakaa. Mzee akakohoa kidogo, akaendelea palepale alipoachia. "Nzuri. Ila maji yenyewe ni ya chumvi. Hatunywi, hatupikii, na hata sabuni haitoi povu."

Jamani! Nilitamani kisima kile kinimeze, na chumvi yake. Tukirudi, Mwalimu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, wewe si mtu wa hapahapa? Mtu ametoka kuzika, umuulize habari za nyumbani, atakwambia nini?" Nikasema, "Nzuri." "Na baadaye?" "Ila baba hatunaye." Akasema, "Sasa kwa Kiingereza umesahau?" Na kweli, nilikuwa nimesahau. Lugha ngeni ilikuwa imenifanya mgeni wa salamu niliyokulia.

Baada ya hapo miaka ilikwenda. Nimekalimani kesi za mashamba ambako ndugu wawili wa tumbo moja hawakutaka kutazamana. Nimekalimani daktari akimwambia mama mmoja habari ambayo sitaiandika hapa, na nilipaswa kusema "mimi" ya daktari na "mimi" ya mama, zamu kwa zamu, nikatoka pale nikakaa kwenye ngazi. Nimekuwa mhandisi Mjerumani asubuhi na mvuvi aliyevunjiwa chombo mchana. Mwalimu Mbaraka alifariki katikati ya miaka hiyo. Matanga yake yalijaza mtaa mzima, na mimi Mlutheri nilikaa jamvini na wanawake wa Ngamiani nikichambua mchele, wakinipisha kama binti wa nyumba. Nilimlilia sana.

Sasa nije kwenye kazi yangu ya mwisho. Huwa mnaniuliza kuhusu hiyo kuliko zote, na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake.

Ilikuwa semina ya wananchi na uongozi wa mitaa, kwenye ukumbi mmoja wa Usagara, palepale Tanga. Wenyeji walikuwa wajumbe wa mitaa, wavuvi, walimu na akina mama wa sokoni. Wageni walikuwa wanaharakati kutoka nchi za Magharibi, na mmoja kutoka Taiwan, msichana mwembamba mwenye miwani aitwaye Shu-fen. Alikuwa amepangiwa kuzungumza siku ya pili mchana, kueleza jinsi kwao wananchi wanavyoibana serikali yao ya mtaa. Mwenyekiti alikuwa Bwana Kombo, mtu mpole anayependa mambo yaishe kabla ya adhuhuri.

Shu-fen alipangiwa kulala Ngamiani kwa Bi. Mwanahawa, muuza samaki na mjumbe wa kamati ya mtaa, mwanamke ambaye sauti yake haihitaji kipaza sauti. Watoto wa mtaa walimpokea mgeni kwa kelele za "Mchina! Mchina!" Bi. Mwanahawa akataka kujua ukweli. Akaniita barazani nimkalimanie. Shu-fen akaeleza taratibu kwamba kwao ni kisiwa, kina serikali yake na kura zake, na kwamba ng'ambo ya bahari kuna nchi kubwa inayosema kisiwa hicho ni chake.

"Kumbe kama sisi na Unguja," akasema Bi. Mwanahawa.

Bwana Kombo, aliyekuja kuangalia kama mgeni amefika salama, akakohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa. Mimi nikatafsiri neno kwa neno. Shu-fen akafikiri, akasema, "Sijui ya kwenu. Nikijua, nitakujibu." Bi. Mwanahawa akampenda hapohapo. Akamwazima baiskeli ya mwanawe, na jioni ile nilimwona yule msichana akipita kwa baiskeli kati ya wauza mihogo na wauza viatu, anapiga kengele kama mzaliwa. Baadaye aliniambia hata kwao mtu huendesha baiskeli kabla hajajua kusoma.

Shida ilianza asubuhi ya siku ya pili. Kulikuwa na Mwingereza, Bwana Martin, ndevu nyeupe, ameandamana dhidi ya kila vita tangu ujana wake. Akasimama akasema ratiba ibadilishwe. Na kulikuwa na Mmarekani, Bi. Carol, mama mwenye moyo mkubwa na sauti ya kwenda nao, akasimama kumpinga. Ukumbi ulikuwa mdogo, kibanda cha mkalimani hakuna, kwa hiyo nilikuwa mezani na kipaza sauti changu. Mmoja anasema, ananyamaza, nami nasema.

"Mimi sina ubaya na binti huyu," nikasema, kwa sababu Martin alisema. "Lakini Taiwan ni kambi ya Wamarekani iliyopakwa rangi ya demokrasia. Tukimpa jukwaa, tunawapigia debe wanaotaka vita. Mimi naomba asizungumze."

Kisha nikasema, kwa sababu Carol alisema, "Mimi nimesikitika! Taiwan ni taa ya dunia. Watu wake ni mashujaa. Mimi nimeshamwandalia hotuba yake, na lazima isomwe."

"Mimi nimeziona taa za aina hiyo zikichoma vijiji vya watu," nikajijibu.

"Mimi nimefika kule, wewe hujafika," nikajirudishia.

"Siku ngapi?"

"Siku tatu. Lakini nilijionea!"

Kutoka nyuma mvuvi mmoja akapaza sauti, "Bi. Esta, umepatwa na nini leo? Unagombana peke yako!" Ukumbi ukacheka, na mimi nikalazimika kuwatafsiria wageni hata hilo.

Shu-fen alikuwa amekaa katikati yao, mikono mapajani. Kiingereza chake kilikuwa kizuri lakini cha polepole, anatafuta neno mpaka alipate. Akanyoosha mkono. "Sisi..." akaanza.

"Anamaanisha hawataogopa kamwe," akadakia Carol.

"Anamaanisha alichofundishwa," akasema Martin.

Nami nikatafsiri vilevile, "Sisi", halafu maneno ya Carol, halafu ya Martin. Bi. Mwanahawa akageuza shingo kunitazama. "Mbona mtoto hamalizi?"

Nawaambieni wazi, nilikasirika. Mkalimani haruhusiwi kukasirika mezani, lakini ndani nilichemka. Wale wawili hawakuwa watu wabaya. Martin alibeba mabegi ya kila mtu kutoka kituo cha mabasi, na Carol alimnunulia mtoto wa jirani dawa ya kikohozi bila kuombwa. Wote wawili walimpenda yule msichana kwa namna yao. Lakini walikuwa wakimpigania kama kitenge cha mnadani, kila mmoja anavuta upande wake, na msichana amesafiri nusu ya dunia kuja kusema habari za kwao, sasa anakaribia kurudi bila kusema lolote. Ama angenyamazishwa na Martin, ama angesoma maneno ya Carol.

Bwana Kombo akatazama saa. "Nadhani tupige kura. Wanaotaka mgeni azungumze, na wasiotaka. Mikono juu tu, tumalize."

Kura! Nikamwona Shu-fen akitabasamu tabasamu dogo la uchungu. Anatoka nchi inayosifiwa kwa kura, na sasa watu wanapigia kura ulimi wake.

Bi. Mwanahawa akasimama, akajifunga kanga sawasawa. "Mwenyekiti, kura sipingi. Lakini huyu mtoto kalala kwangu. Tangu jana yumo humu ndani, na hakuna aliyemuuliza hali. Jina tumeulizana, ofisi tumeulizana, hali hatukuulizana. Watu gani sisi?"

Ilikuwa kweli. Wageni ndio waliopanga ratiba, na ili kuokoa muda walikuwa wameweka utambulisho wa jina na taasisi, basi. Wajumbe wakaanza kunong'ona kwa haya. Mzee mmoja akasema, "Astaghafirullah, kweli kabisa." Bwana Kombo akashusha mkono wenye saa. Angekataaje? Salamu haipigiwi kura.

Bi. Mwanahawa akamgeukia mgeni. "Shufeni, hujambo mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo," akajibu msichana kwa Kiswahili.

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

"Habari za kwenu?"

Nikatafsiri zote kwa Kiingereza, moja baada ya moja, sikukata hata moja. Shu-fen akavuta pumzi. Akasema, "Nzuri."

Carol akapiga makofi. "Mnaona?" Martin akatikisa kichwa, tayari kaiva kwa kujibu, nusu ya mwili wake imeshatoka kitini.

Hapo ndipo niliponyanyua kiganja. Sikupanga. Mkono ulipanda wenyewe, na yale maneno hayakuwa yangu wala hayakuwa ya mtu yeyote mle ukumbini. Nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, "Kaeni. Hajasema bado. Amejibu salamu tu."

Wakakaa. Kwa mshangao, nadhani, maana kwa siku mbili walikuwa wamenizoea kama kipande cha waya.

"Ila," akasema Shu-fen.

Nendeni mkafanye majaribio nchi nyingine, sijui kama mtaona nilichokiona. Watu wa Tanga walisikia lile "ila" wakajiegemeza, viti vikalia, mtu akazima feni ili asikie vizuri. Walijua sasa habari imefika. Msichana alikuwa amelala usiku mmoja tu kwa Bi. Mwanahawa, na neno hilo alikuwa ameshalisikia kwa kila jirani aliyepita barazani.

Akaendelea kwa Kiingereza, polepole, na hakuna aliyemdakia. Nami nikawa yeye.

"Ila babu yangu alichukuliwa na serikali yetu wenyewe, mama yangu akiwa mdogo. Kwa kusoma vitabu na marafiki. Siku hizo nchi kubwa za Magharibi zilituita ulimwengu huru, na babu yuko ndani. Aliporudi, mama alikuwa binti mkubwa, akamwamkia kama mgeni. Watu kama babu na mama yangu ndio waliodai kura. Hawakuletewa na mtu kwa meli." Hapo alimtazama Martin, bila hasira.

"Sasa tunapiga kura. Naipenda kura yangu, siwezi kuwaambia jinsi ninavyoipenda. Ila wabunge wetu wamewahi kurushiana ngumi. Ila mama yangu na mjomba hawasalimiani wakati wa uchaguzi. Ila meli zetu za uvuvi zimejaa vijana wa nchi nyingine, wengine hawatendewi haki, na taa ya dunia haiwamuliki." Hapo alimtazama Carol.

Mvuvi aliyenichokoza akauliza, "Hao vijana wa melini wanapiga kura?"

"Hapana. Si raia."

"Basi hiyo ni ila kubwa," akasema, na Shu-fen akaitikia kwa kichwa.

Nilipofika kwa mama kumwamkia baba yake kama mgeni, ilinibidi nisimame. Nilikunywa chai yangu ya tangawizi, nikaanza upya. Wala sioni haya kuwaambia.

Martin alishika ndevu. Kisha akasema, "Habari za babu yako sikuzijua. Lakini bado naogopa vita."

"Mimi pia," nikasema kwa sauti ya Shu-fen. "Naogopa kuliko wewe. Ndiko ninakolala."

Carol alikuwa akifuta macho. "Nilitaka kukusaidia tu, mpenzi."

"Najua. Nisaidie kunisubiri. Maneno yangu yanachelewa, lakini yanafika."

Kura haikupigwa. Bwana Kombo alisema tu tukanywe chai, na mchana Shu-fen akazungumza kama ratiba ilivyosema. Akaulizwa maswali mpaka wauza sambusa wa nje wakachoka kungoja. Sitawadanganya kwamba Martin na Carol walipatana. Kwenye sambusa niliwasikia wanabishana tena, ila mara hii Martin alisimama katikati ya sentensi, akamgeukia msichana, akamuuliza kitu. Sikusikia alichouliza. Nilikuwa na sambusa yangu.

Jioni watu walipotawanyika nilibaki kukunja nyaya, kama kawaida. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho, na hakuna aliyejua isipokuwa Bwana Kombo, ambaye alikuwa amesahau. Akaja Shu-fen kuaga, Bi. Mwanahawa yuko nyuma yake na kapu. Msichana akasimama mbele ya meza yangu, akasema kwa Kiswahili, bila kukosea, "Habari za kwenu?"

Nikamgeukia Bi. Mwanahawa. "Anakuuliza habari za kwenu," nikamwambia.

Bi. Mwanahawa akacheka mpaka akashika meza. "We Esta! Hapa kuna nani mwingine? Anakuuliza wewe!"

Nilibaki na waya mkononi. Nimelipitisha swali hilo kutoka kinywa hadi kinywa maisha yangu yote ya kazi, kwa mawaziri na kwa wafiwa, na sikumbuki mgeni aliyewahi kulisimamisha kwangu. Nilitazama mlangoni, nikatazama nyaya, nikamtazama yule mtoto wa watu na miwani yake.

"Nzuri," nikasema.

Bi. Mwanahawa akatua kapu, akanisogezea kiti. Shu-fen akavuta cha kwake, akakaa. Walikuwa wananisubiri.